Sababu ya Kufungwa kwa Kisima cha Wariara

Wariara wa Ndabibi alikuwa mtu wa kushuku. Akikuta geti liko wazi, hakufikiria upepo. Kwa hivyo, vijana wa ofisi ya maji walipofunga pampu ya kisima chake kwa mnyororo na kuondoka bila kueleza lolote, alijua moja kwa moja nani alikuwa nyuma yao: Kemboi, jirani aliyekosana naye juu ya mpaka.

"Ni wewe ulinichongea?" akamuuliza kwenye ua.

"Mama Sue, hata mimi nachota maji kwako. Nikuchongee halafu ninywe nini?"

Wariara akazidi kumshuku. Mtu asiye na hatia, aliwaza, hawezi kuwa na jibu tayari hivyo. Akaacha kumsalimia.

Ofisini aliambiwa tu, "Mathe, hiyo ni order kutoka juu." Juu wapi, hakuna aliyesema.

Binti yake Sue, mwalimu mjini Nakuru, ndiye aliyemwambia kwamba wabunge wanakuja kusikiza maoni kuhusu mswada wa kuwabana maafisa wanaoamua mambo ya watu bila kuwasikiza. Wariara alienda kwenye kikao hicho akinung'unika kwamba hayo ni maonyesho tu. Soda iliyogawiwa hakuigusa. Nambari ya simu alikataa kuwapa waandalizi. Lakini maikrofoni ilipomfikia, akasimama.

"Mimi hiyo mswada siijui. Nataka kujua nani alinishtaki."

Watu wakacheka. Wakili kijana aitwaye Thuo hakucheka. Alimfuata nje, akamweleza kwamba hakuna haja ya kungoja mswada. Katiba tayari inampa haki ya kusikizwa na kupewa sababu kwa maandishi.

"Na wewe unapata nini?"

"Kazi, mathe. Ndio nimeanza."

Hilo Wariara aliliamini, kwa sababu Thuo hakujifanya malaika.

Wakaenda mahakamani. Jaji hakuamuru kisima kifunguliwe. Aliamuru ofisi imwite Wariara, imsikize, imweleze sababu, ndipo iamue upya. Wariara akatoka akiwa amekunja uso. Huenda hata jaji anamjua Kemboi.

Siku ya kusikizwa alifika na jina la jirani yake mdomoni. Afisa aliyempokea, mama mmoja aitwaye Nerima, hakutaja mtu yeyote.

"Tulipima visima vyote vya upande wenu. Chako kina floridi nyingi sana, madini yanayoharibu meno. Wajukuu wako meno yao yakoje?"

Meno ya mtoto wa Sue, aliyelelewa kwake tangu akiwa mchanga, yalikuwa ya kahawia, na miaka yote Wariara alilaumu peremende.

"Mbona hamkuniambia siku ile?" aliuliza. "Ningefunga mwenyewe."

Nerima akaangalia chini. "Hapo tulikosea, mama."

Ofisi ikaondoa mnyororo, mradi maji yawe ya kumwagilia shamba tu. Hata hivyo Wariara hakuridhika. Alijaza chupa, akaipeleka maabara nyingine kwa jina la uongo. Majibu yakawa yale yale.

Alipotoka huko alipitia kwa Kemboi.

"Haikuwa wewe," akasema, akiangalia ng'ombe badala ya kumwangalia Kemboi.

"Nilikwambia."

"Ulinijibu haraka sana."

Kemboi akacheka mpaka akashika ua. Wariara akamkaribisha nyumbani, akampikia chai. Kemboi akainua kikombe, akakitazama ndani kwa muda.

"Mama Sue, hii umepika na maji gani?"

"Ya mvua."

Alinusa kwanza, kisha akanywa.