Kipeperushi Nilichokisoma Nusu

Nakumbuka asubuhi ya kile kipeperushi, mwanangu, na hasira yake haijanitoka hadi leo. Mnyauko ulikuwa umeanza kuua migomba hapa Kaagya. Baada ya misa bwana shamba akatugawia karatasi, mimi moja, na jirani yetu Ma Anastazia moja. Mimi nilikuwa na kidato cha nne. Yeye aliishia darasa la nne.

Nikasoma kichwa cha habari, "Ondoa ua dume la mgomba," nikatazama picha, nikaikunja. Ma Anastazia alikaa kwenye ngazi za kanisa akipitisha kidole mstari kwa mstari, akirudia, akimuuliza bwana shamba. Nikamcheka! Nikamwambia, "Ma, utamaliza Pasaka." Akaendelea kusoma.

Tata, baba yangu, hakujua kusoma. Aliniuliza karatasi inasemaje, nikamwambia tukate maua. Akaniamini. Nikachukua panga nikazunguka kibanja chote, mgomba hadi mgomba, huku najisifu.

Wiki chache baadaye majani yakawa ya njano, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, ndani zimeoza. Ma Anastazia akaja kututazama na karatasi yake. Akaweka kidole chini ya picha, akasoma: "Tumia kijiti chenye panda. Usitumie panga, hubeba ugonjwa." Migomba yake ilisimama. Sisi yetu tuliing'oa yote, katika kibanja walimozikwa babu zetu.

Tata alisema mara moja tu: "Mwana wange, nilikupeleka shule uwe macho yangu. Ukayafumba."

Sasa na wewe! Juzi ulifungua karatasi ya dawa ya mjukuu wangu, ukachungulia idadi ya vijiko, ukaitupa. Eti umeelewa! Nimeiokota. Inasema mtoto asipewe kabla hajala, na tangu juzi unampa akiwa na njaa, anatapika, unalaumu dawa. Uchovu huo, au kiburi kama changu?

Mwenda pole hajikwai. Karatasi ya maelekezo isome mpaka nukta ya mwisho, hasa maandishi madogo yale unayoyaruka. Usipoelewa uliza, hata kwa aliyeishia darasa la nne. Na ukimsomea asiyejua kusoma, ogopa, maana hana namna ya kukusahihisha.

Mungu akupe subira ya Ma Anastazia, na mtoto wako apone, akue, akuzike. Haya, shika karatasi. Anzia juu, kwa sauti. Nasikiliza.