Mtumbwi wa Babu Jukwaani

Sikutaka kwenda Ipyana, nakwambia kweli. Mpwa wangu anayefundisha sekondari, binti wa kaka yangu, alinisumbua kwa simu mpaka nikakubali. "Shangazi, usikose. Ni igizo jipya, la ukoo wetu, na bibi atakaa mbele kabisa." Bibi anayemsema ndiye mama yangu mzazi. Nilipoingia ukumbi wa kanisa na kuuona mtumbwi wa babu umepandishwa jukwaani, nikasita mlangoni. Nikakaa, nikasimama, nikatoka nje kujifanya napokea simu, nikarudi.

Acha nikueleze habari za mtumbwi ule, ndipo utanielewa.

Tulikulia bondeni, katikati ya migomba na mikakao. Kukicha ilitupokea harufu ya kakao iliyofunikwa majani ya migomba ili ichachuke, harufu kali inayoingia hadi kwenye blanketi. Watoto tulifyonza ute mtamu wa mbegu zake mpaka midomo ikanata, na bibi yetu, mke wa babu, akatufukuza kwa mwiko. Mchana wali na usipa, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga, kisha kwenda kuamia ndege mpungani. Na katika yote hayo kulikuwa na kikohozi cha babu.

Babu hakuwa mgonjwa. Alikohoa ili mama ajue kwamba anapita. Kwetu wakati ule mwanamke na baba mkwe wake hawakutazamana, hawakusemeshana, wala hawakupishana njiani. Babu akikohoa, mama anaacha chungu jikoni, anajifunika kitenge na kujitosa migombani. Wali uliungua sana kwa ajili hiyo. Sisi tukajifunza kuiga kikohozi kile ili mama akimbie, tuibe ndizi za kuchoma. Siku aliyotugundua, fimbo yake naikumbuka mpaka leo.

Lakini usidhani ilikuwa chuki. Babu akitoka ziwani alimwachia samaki mnono, mbasa, juu ya kinu, na mama alimpelekea chakula kwa mkono wangu, kimefunikwa vizuri. Nilipokuwa narudisha bakuli, babu aliniambia, "Mwambie nkamwana, ndaga." Nkamwana ndiye mke wa mtoto wako, na ndaga ndiyo asante yetu Wanyakyusa. Nilikimbia nayo ndaga hiyo hadi jikoni, na mama alitabasamu huku akipuliza moto.

Masika moja mto ulivunja kingo asubuhi. Baba alikuwa Kasumulu, mpakani, kwenye shughuli zake za mizigo. Maji yakaingia ndani mpaka usawa wa kitanda. Babu akaleta mtumbwi, akampakia bibi, kaka yangu na mimi. Mama alisimama juu ya kichuguu, mdogo wetu mchanga mgongoni, kajifunika uso. Nafasi ya mtu mmoja ilikuwapo. Babu akainamisha kichwa, akapiga kafi, tukaondoka.

Jirani ndiye aliyemfuata, jioni, wakati mvua imeshamnyeshea kutwa. Mdogo wetu akashikwa na kichomi, tukamzika kabla maji hayajakauka. Mkwe na mkwe, magoti kwa magoti mtumbwini, haikuwezekana. Ndivyo watu wazima walivyosema, na hakuna aliyebisha. Babu akaendelea kukohoa, mama akaendelea kujificha, chakula kikaendelea kwenda kimefunikwa. Ila bakuli lilirudi bila ndaga, mpaka babu akafa.

Mama hakulalamika. Mara moja tu, tukipepeta mchele, alisema bila kuniangalia, "Mimi ni mtoto wa ziwani. Kafi naijua kuliko yeye. Angeshuka yeye, nikapanda mimi." Kisha akaendelea kupepeta.

Sasa huyu mpwa wangu ametunga mwisho wake. Babu mzee amekaa mtumbwini, nkamwana anakuja kuketi mbele yake, wanatazamana, wanasameheana. Aliponieleza hayo mlangoni nilimwambia kwamba wazee hawatapenda. "Shangazi, mila ndiyo iliyomuua yule mtoto," akanijibu. "Acha tuivunje hapa." Watu walikuwa wameshaanza kuingia. Nilikasirika, tena sikujua nimemkasirikia nani.

Kijana aliyeigiza babu ni dereva wa bodaboda, nywele kazipaka unga. Akakohoa. Kaka yangu alimfundisha vizuri mno. Kilikuwa kile kile. Pale mbele mama akavuta kitenge kichwani, akageuza kiti, akalipa jukwaa mgongo. Vijana wakacheka. Mabibi wawili watatu nao wakajifunika.

"Mwanangu," kijana akamwita toka mtumbwini nkamwana wa igizo, ambaye hajapanda bado jukwaani, "mila ilinifunga mikono. Nitazame, unisamehe."

"Mila haikukufunga," mama akajibu toka ndani ya kitenge. "Shuka, baba."

Hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kusikia mama akimwambia babu. Kijana akamtazama mpwa wangu, mpwa wangu akanitazama mimi.

"Shuka tu," mama akarudia. "Mtoto analowa."

Yule kijana akaweka kafi chini. Akashuka, akainamisha kichwa, akatoka kwa mlango wa pembeni. Ndipo mama alipojifunua. Nilimshika kiwiko akapanda jukwaani, akaingia mtumbwini, akachukua kafi na kuilaza magotini. Mimi nililia mbele za watu wote.

Siku hizi wakwe wanakula meza moja na kupiga picha wameshikana mabega. Mimi mwenyewe nampigia baba mkwe wangu simu, tunataniana. Sitaki mtu yeyote arudi kujificha migombani. Ila hamu ya kile kikohozi ninayo, na ya mbasa juu ya kinu, na ya watu waliojua kutunzana bila kuonana, mpaka siku ile walipokosea.

Pale mtumbwini mama akaniita karibu. "Mfuate babu yako," akasema. "Mwambie, ndaga."

Nikatoka mbio kwa mlango wa pembeni, na umri wangu wote huu.