Kizingiti Alichokikataa Pasi

Mama mkwe wangu alifua na kupiga pasi nguo za watu tangu ujana wake mpaka nywele zikageuka nyeupe, na mtaa mzima unamwita Pasi. Wanaomjua kwa mbali hudhani jina limetokana na kazi. Sisi tunaoishi naye tunajua kuwa anawaka upesi na kupoa hapoi upesi.

Alipovunjika nyonga, kilichomuuma kuliko mfupa ni kuogeshwa. Bafu letu la zamani lilikuwa na kizingiti cha tofali mlangoni, na mguu wake wa kushoto haukuweza tena kuinuka kiasi hicho. Ikabidi mimi na wifi yangu tumshike huku na huku, tumvushe, tumkalishe kwenye stuli, tumsugue. Mume wangu aling'oa komeo la mlango ili tuingie na kutoka bila shida. Pasi alifumba macho tangu maji ya kwanza mpaka taulo. Siku moja akasema, macho yakiwa yamefumbwa vilevile, "Nimefua shuka za watu maisha yangu yote. Leo shuka ni mimi."

Nilikwenda jikoni nikalia, wala sioni haya kusema.

Ndipo tukakata shauri bafu livunjwe, lijengwe jipya lisilo na kizingiti, aingie moja kwa moja na mkongojo wake. Akaja fundi wa vigae, mtu mpole, mwenye heshima kupita kiasi. Pasi alimwita kando ya kitanda akampa amri: "Sitaki mteremko. Hata kidogo. Sakafu ikiinama nitateleza nivunje na nyonga ya pili." Fundi alipotaka kusema neno kuhusu maji, akakatwa kauli. Basi akatii. Aliweka pimamaji yake kila pembe kupima usawa, akatukabidhi sakafu iliyonyooka kama meza.

Na maji ukiyamwaga mezani yanakwenda yatakako. Siku ya kwanza Pasi alioga peke yake huku anaimba, na sisi nje tukayaona maji yanatoka chini ya mlango, yanafuata korido, yanaingia chumbani kwetu na kulowesha zulia. Tundu la kutolea maji lilikuwa limetulia zake pembeni. Tuliweka matambara. Tukatundika pazia la plastiki. Mimi nikawa mtu wa dekio asubuhi na jioni, na sikuwa mtu wa dekio kimya kimya. Niligombana na kila aliyepita. Kisha mume wangu akateleza koridoni na kikombe cha chai mkononi, akaanguka chali, akainuka na uamuzi wake.

"Kizingiti kinarudi," alisema.

Fundi alipofika na saruji yake, alimkuta Pasi ameshawahi. Alikuwa ameweka stuli katikati ya mlango wa bafu, mkongojo umelala mapajani.

"Mama, tupishe kidogo," mume wangu akasema.

"Sitoki."

"Ni tofali moja tu, mama."

"Moja kwako wewe. Mimi hilo tofali nitalivuka kwa kubebwa."

"Sasa sisi wengine tuogelee humu ndani?"

"Ogeleeni mkitaka. Sivuliwi nguo tena na mtu." Akanigeukia. "Si kwa ubaya, mwanangu."

"Najua, mama," nikajibu. Na kwa kuwa hasira zangu za dekio zilikuwa bado hazijapata pa kwenda, nilimwelekea mume wangu. "Wewe unayekitaka kizingiti hujawahi kumwogesha hata siku moja. Atakayemwogesha ni mimi, na mimi nasema hakijengwi."

Mume wangu akanywea. Fundi alikohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama akiruhusu sakafu iinamie kidogo tu upande wa tundu, maji hayatatoka, na kizingiti hakitahitajika.

Pasi alikuwa anautazama mguu wake wa kushoto. Haambiliki wala hasemezeki, lakini pale mlangoni niliona kwamba anaogopa, na mimi roho ikaniuma.

"Nilikataza mimi," akasema mwishowe. "Fundi asilaumiwe, kosa ni langu. Ila sivunji vigae vyangu kwa maneno matupu. Nionyesheni huo mteremko niukanyage."

Fundi alimwaga mchanga uani, akaulowesha, akaushindilia kwa ubao mpaka ukainama kama alivyotaka, akapanga juu yake vigae vilivyobaki. Akamimina jagi la maji. Maji yakakusanyika, yakashuka upande mmoja. Pasi alivua kandambili. Sote tukanyoosha mikono kumdaka.

"Shusheni mikono," akasema.

Aliweka mguu mmoja juu ya kigae chenye maji. Akapiga moyo konde, akaongeza wa pili. Alikwenda mpaka mwisho, akageuka na mkongojo wake, akarudi akipanda, jasho linamtiririka usoni.

"Haya," akasema. "Vunjeni."

Kazi ilipokwisha, kabla fundi hajafunga mfuko wake wa vifaa, Pasi alimpa kitu alichokuwa amekificha chini ya mto siku zote zile. Lilikuwa komeo la mlango.

"Lirudishe mahali pake."

"Mama, na ukianguka ndani je?" mume wangu akauliza.

"Utavunja mlango. Si mlango wako?"

Saruji ilipokauka tulijipanga koridoni, wifi na matambara, mimi na dekio langu, mume wangu amekunja suruali mpaka magotini. Pasi akapita katikati yetu, taulo begani, bila kumtazama mtu. Mlango ukafungwa. Tulisikia komeo linaingia, kisha maji. Tukainama kutazama chini ya mlango, na sakafu ikabaki kavu.

"Nawasikia mnavyopumua," akasema kutoka ndani. "Ondokeni."