Mchoraji Niliyemharibu Kitabuni

Kuna mchana mmoja ninaoukumbuka hata nikitaka kuusahau, mwanangu. Na kwa kuwa umeniomba nije kuwasomea wenzako hadithi kule kwenye magorofa ya Soweto East, afadhali nikusimulie kabla sijafungua kitabu mbele yao.

Nilikuwa kijana wa mtaa wa mabanda wa Gatwekera, nimemaliza fomu foo, kazi sina, ila Kiingereza ninacho, na maringo yake. Kwenye banda moja la mabati walikuwako mafundi sita, wote wanawake, wakishona sare za shule. Kila alasiri niliwasomea riwaya nene ya zamani, isiyo na jalada, niliyoipata kwenye rundo la vitabu vya mtumba. Macho yalisoma Kiingereza, mdomo ukatoa Kiswahili, nao wakakanyaga cherehani polepole ili wanisikie. Malipo yangu yalikuwa chai, mandazi, na kukaa karibu na Nafula, mmoja wa mafundi hao.

Nafula alikuwa na mwanya, na alicheka akiwa ameinamisha kichwa juu ya kitambaa. Nilimpenda na sikumwambia. Nilidhani mtu akikusomea kurasa mia mbili utajua tu.

Hadithi ilikuwa ya mchoraji maskini aliyempenda binti wa tajiri, akamchora, na baba wa binti akaapa kuwatenganisha. Nafula alimpenda sana huyo mchoraji. Sikujali, ni mtu wa kitabuni. Kisha akaja Okoth, fundi wa mabango, akapewa kazi ya kupamba mlango wa saluni iliyotazamana na banda letu. Alipomaliza, aliyechorwa pale mlangoni ni Nafula, na mwanya wake, kichwa kimeinama vilevile. Watu walisimama kutazama. Hata mimi nilisimama. Picha ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulionichoma. Mimi nilikuwa nimemtazama miezi minne. Huyu alimtazama siku tatu akamwona kunishinda.

Kesho yake nilifungua kitabu, na mchoraji wa kitabuni akaanza kuharibika. Pale alipolala njaa, mimi nilisoma kwamba alilala amelewa. Pale alipokataa kuiuza picha ya mpenzi wake, nilisoma kwamba aliiuza, tena ana mke kijijini, na wasichana wengine watano amewachora hivyohivyo. Wanawake waliguna. Nafula akaacha kukanyaga cherehani.

"Kwani hawa wachoraji wote wako hivyo?" akaniuliza.

"Mimi nasoma tu chenye kimeandikwa," nikamjibu, macho makavu.

Haukuisha mwezi, Okoth akaja kumwambia anampenda, naye Nafula akamkataa bila kumpa sababu. Okoth aliupaka ule mlango rangi ya buluu, uso ukafunikwa, akahamia Kawangware. Nilifurahi, nisikufiche. Niliupita mlango ule nikipiga mluzi.

Nisilolijua ni kwamba kila Jumamosi Nafula alikuwa akienda darasa la gumbaru kanisani, pamoja na watu wazima wengine, kujifunza Kiingereza. Tulipomaliza kitabu aliniomba akae nacho. Nikampa, nikadhani anataka ukumbusho wangu. Alikisoma kwa kidole, neno kwa neno, karibu mwaka mzima. Ndipo mchana huo ninaousema akaniita bandani, mbele ya wote, akafungua ukurasa.

"Soma hapa. Polepole, wasikie."

Nikasoma. Mchoraji ana njaa ya siku tatu, mnunuzi yuko mlangoni, naye anakataa kuiuza picha. Nikamrudishia kitabu kabla sijafika mwisho.

"Ungeniambia tu unanipenda," Nafula akasema. "Ningekukataa vizuri, tuendelee kunywa chai. Hiki kitabu kilikuwa chetu sisi wote, na wewe ukakifanya fimbo ya kumchapa Okoth."

Siku iliyofuata alienda Kawangware kwa miguu, kitabu mkononi. Baadaye aliwasimulia wenzake kwamba alimkuta Okoth akichora bango la bucha, mkewe kando yake akinyonyesha mtoto. Wakasalimiana vizuri. Maneno ya kuomba radhi aliyoyabeba hayakuwa ya kusemwa mbele ya yule mama, akarudi nayo.

Jumatatu alikalia stuli yangu, akaanza kuwasomea tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nilisikiliza nikiwa nje, mgongo kwenye mabati. Safari hii mchoraji hakulewa. Alipokataa kuiuza ile picha, sauti ya Nafula ilitetemeka, nami nikamwonea wivu mtu wa karatasi, maana alikuwa amepewa yote niliyoyataka, na alistahili. Wivu huo haujaisha mpaka leo. Nikipita Kawangware na kuona bango lililochorwa vizuri, natazama upande mwingine.

Basi, mwanangu, ukimpenda mtu, mwambie kwa maneno yako mwenyewe, hata kama utakataliwa. Ukiona kazi nzuri ya mkono wa mwenzako, isifu kwa sauti, mapema, kabla roho haijakubadilikia. Na mtu asiyejua kusoma akikuaminia masikio yake, msomee kilichoandikwa, hasa pale kinapokuuma wewe.

Mungu akupe ulimi mnyoofu, na akupe mtu wa kukutazama kama Okoth alivyomtazama Nafula. Jumamosi nitakuja. Ila mmoja wenu akae kando yangu, awe anafuata maneno kwa kidole.