Miguu ya Mzee Guled

Chekeni tu, nimeshazoea. Wallahi mpaka leo nikisikia maji yakimiminwa kutoka kwenye birika masikio yananiwaka, na aibu yenyewe nilijitafutia kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Enzi hizo za mkoloni nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo pale Garissa, Mzungu mmoja mpole ambaye akimaliza ng'ombe wa watu alikuwa na kazi yake ya kujifurahisha: kupasua mayai ya kuku yaliyoatamiwa, leo la siku sita, kesho la siku nane, aone mguu wa kifaranga unavyoumbika. Kuyatunza yasipoe ilikuwa kazi yangu (mimi, Msomali, mtoto wa wafuga ngamia, nalea mayai ya kuku, ndege ambaye kwetu mwanamume huona haya hata kumtaja!). Lakini siku aliyoniachia nichungulie kwenye hadubini, niliduwaa. Mguu ulikuwa bapa kama mwiko mdogo, ndani yake mistari ya gegedu laini, na kati ya mistari vichembe vya nyama vimeshika rangi nyekundu ya dawa aliyotia daktari.

"Hivyo vimezeeka, vinakufa," akasema daktari. "Visipokufa, vidole havitaachana."

Subhanallah! Kiumbe hakijazaliwa na tayari kina wazee wake na maiti zake! Kifua kikaniwasha kutafuta wa kumwambia.

Sasa, siku ya kwenda Habaswein kumposa Halima, adeer wangu Yusuf, ndugu yake baba, akaniambia mwenye kuoa hukaa nyumbani, wazee ndio huzungumza. Nikang'ang'ania kwenda. "Haya, twende, lakini ukiulizwa kazi," akasema, "sema ni ya serikali, ufunge mdomo." Nikaitikia vizuri sana.

Mzee Guled, baba yake Halima, akatukaribisha kwa maziwa na nyama, majirani wamejaa, kisha akaniuliza kwa upole nafanya kazi gani. Ningesema ya serikali, yakaisha. Lakini Halima alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza, nami nikataka anisikie, basi nikasema nachunguza ndama wa ngamia wakiwa bado tumboni (ngamia, eti!), miguu yao inavyoumbwa, nikaeleza ile nyama inayozeeka na kufa, wazee wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, sifa zikanilevya, nikaongeza, "Hata watu! Ukiona mtu vidole vimeshikana, ujue nyama yake ilikaidi kufa, akabaki na mguu wa bata!"

Wote wakacheka, isipokuwa Mzee Guled, na adeer wangu ambaye muda wote alikuwa ananifinya paja.

Alasiri ikaingia. Nikaruka na birika nimmiminie Mzee maji ya udhu, mkwe mwema mimi. Akanawa, akapaka kichwa maji, kisha akavua viatu taratibu. Jamani! Kidole cha pili na cha tatu, mguu huu na mguu ule, vimeshikana mpaka kwenye kucha. Nikatoa macho, birika likaendelea kumwaga, nikamlowesha kikoi chote.

"Aden," akasema bila kupaza sauti, na kila mtu akasikia, "sunna ni kupitisha kidole kati ya vidole vya miguu. Sasa mimi wa mguu wa bata, hapa nipitishe wapi?"

Nikababaika. "Mzee, wallahi, ile si habari ya watu, ni ya kuku tu!"

"Kuku? Si ulisema ngamia?"

Nyuma ya pazia Halima akaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mimi kilichokataa kufa ni nyama kidogo," akasema Mzee. "Wewe ni ulimi. Nenda, urudi umejifunza kunyamaza."

Nikarudi Garissa bila mke, nikijua nimempoteza. Kumbe siku chache baadaye Halima akanitumia salamu kwa dereva wa lori: mwambie mlezi wa kuku asikate tamaa. Nikasubiri mwaka mzima, kila nikipita Habaswein namwamkia Mzee na kunyamaza kimya, mpaka akanipa.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, Mzee akaja na wenzake, akafunua nguo, akatazama miguu. Kidole cha pili na cha tatu, vimeshikana. Akanigeukia, macho yanacheka.

"Haya, daktari. Tueleze."

Wazee wote wakanitazama. Na maneno nilikuwa nayo, jamani, yamenijaa mpaka kooni.

"Alhamdulillahi," nikasema, nikamfunika mtoto miguu.