Yes ya Mke Mpya

Siku moja imekaa kichwani mwangu miaka yote hii, mwanangu, na leo imenirudia kwa sababu yako. Keti hapo, weka simu chini kidogo. Nimechoka, magoti yananiuma tangu asubuhi, na sitaki kusema mara mbili. Ingawa ukisikiliza mpaka mwisho utaona kwamba kusema mara mbili ndiyo habari yenyewe.

Wewe ni mjukuu wangu, lakini nimekulea tangu ukinyonya kidole, kwa hiyo nakuita mwanangu na hakuna wa kunikataza. Wiki nzima nakusikia kupitia ukutani ukijifunza Kiingereza kwenye simu kwa ajili ya masomo yako ya uuguzi. Look after, look for, look into, look up to. Unayasema kama mtoto wa shule ya Sabato anayekariri fungu. Sikucheki. Haya maneno madogo ya Kiingereza ni matata, nayajua. Yale makubwa hukaa kitabuni yakingojea mtihani, haya madogo ndiyo watu huyatumia wakiwa na haraka. Lakini jana mwalimu wako alipokupigia ili mzungumze, nilikusikia ukijibu "yes, yes, yes madam," na nikajua kwa sauti yako kwamba hujaelewa hata nusu. Roho iliniuma. Hiyo yes naifahamu.

Kwetu nilikozaliwa ni karibu na Ogembo, huku Nyaramba ndiko nilikoolewa. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili wakati nyanya yangu Bosibori alipoanza kupoteza jicho la kulia. Tulimwita Magokoro, ndivyo nyanya anavyoitwa kwa Ekegusii. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani, limebaki weupe tu. Sasa na hili la pili ukungu ulikuwa unaliingia, akawa anatambua watu kwa mwendo na kwa kikohozi. Mwanamke ambaye hajawahi kuongozwa kwenda shambani kwake, sasa alikuwa anashikwa mkono kwenda chooni. Aliogopa, nasi tuliogopa naye.

Kukasikika kwamba katika hospitali ya misheni amekuja daktari wa macho kutoka ng'ambo, mama mzee mwenye mvi kichwa kizima. Alijua Kiingereza tu. Nesi wa kwetu alikuwepo, lakini foleni ilikuwa ndefu naye ni mmoja, kwa hiyo kila mgonjwa aliambiwa aje na mtu wake wa kutafsiri. Baba yangu alinichukua mimi.

Mwanangu, nilienda nikijiona. Nilijua sehemu za ua kwa Kiingereza, nilijua mito ya nchi ambazo sitaziona. Daktari akafungua mdomo: lie back, look up, hold on. Kila neno likiwa peke yake nalijua, yakikaa pamoja siyajui. Nikamwambia, "Please, say again." Akasema tena. Nikamwomba tena. Hakukasirika. Alijilaza mwenyewe nusu kitandani kunionyesha, akatazama juu, akacheka. Mpaka leo nikisikia lie back namwona yule mama na viatu vyake vya kamba.

Baba alikuwa mlangoni akisikia yote. Alingoja mpaka tukafika barabarani.

"Mtu mwenye mvi kama zile anasema, na wewe unamwambia arudie?" aliniuliza. "Tena na tena, kama mtu anayemfokea ng'ombe?"

"Tata, sikuwa nimeelewa."

"Basi ungenyamaza uelewe. Foleni nzima imekusikia. Watasema karo yangu niliitupa mtoni."

Usimwone mbaya. Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa ensoni, ile aibu ya heshima. Mkubwa akisema, mdogo anaitikia, macho chini. Kumwuliza tena ni kama kumwambia hajui kusema. Baba alilelewa hivyo, nami hivyo hivyo, na kwa kweli ensoni imetutunzia nyumba nyingi. Ila baba aliibeba mpaka hospitalini.

Akaamua kwamba siku ya kumtoa Magokoro hospitalini, jicho likishapasuliwa, ataenda na Ombati, mtoto wa kaka yake mkubwa. Ombati alikuwa kidato cha sita, enzi hizo kidato cha sita kilikuwepo, na insha zake zilisomwa mbele ya shule nzima. Mimi nikapewa kazi ya kubeba chupa ya chai na shuka.

Tulimkuta Magokoro ameketi kitandani, jicho limefungwa bandeji. Hakuona chochote, maana lile jingine lilikuwa la bure. Daktari akaja, akaanza kueleza. Ombati alisimama wima, mikono nyuma, macho sakafuni, kijana aliyelelewa vizuri. "Yes, doctor. Yes. Certainly, doctor." Kiingereza chake kilikuwa kitamu kusikia, na daktari akaona, ah, huyu anajua, akaongeza mwendo. Kila yes ilimfanya aende mbio zaidi. Mimi nimesimama na chupa yangu nikidaka neno hapa na pale, mengine yananipita. Baba alikuwa anatabasamu, moyo umetulia.

Daktari alipomaliza, Magokoro akauliza, "Amesema nini?"

"Amesema utapona, Magokoro," Ombati akajibu.

"Hilo tu?"

"Na umshukuru Mungu."

"Huyu mama amesema maneno marefu kama maombi ya mzee wa kanisa wakati chakula kinapoa," Magokoro alisema, "na wewe unaniletea neno moja. Ombati, ulikuwa unamwitikia kama mke mpya. Mimi nimekuwa mke mpya. Mama mkwe alikuwa akinituma naitikia ee, ee, halafu nikifika nje sijui nimetumwa maji au kuni. Naijua hiyo ee hata ikisemwa Kizungu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Ombati hakucheka, alikuwa anatokwa na jasho, na nilimwonea huruma. Hakuwa mjinga, mwanangu. Alijua maneno ambayo mimi sijayajua hadi leo. Lakini yalikuwa maneno ya kuandika, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mtu anaweza kumsimamisha mkubwa akiwa anasema.

"Mama, twende," baba alisema. "Watu wanangojea kitanda. Tunajiaibisha."

"Nendeni. Aibu ni yenu, jicho ni langu, na lile la kwanza lilishaenda." Akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. "Sitoki hapa kabla sijajua nimeambiwa nini. Yuko wapi yule mwenye mdomo?"

Mwenye mdomo nilikuwa mimi. Nikamtazama baba. Baba akatazama dirishani. Kumtii mama yake ilikuwa kumpinga yeye mbele za watu. Nikaweka chupa chini. Nikamfuata daktari, ambaye alikuwa ameshafika kitanda kingine, nikasema, "Please. Say again. Slowly."

Akarudi, akaketi kitandani, akaanza upya, na safari hii kila aliponiona nimekunja uso alisimama. Take off: bandeji isiondolewe. Pick up: asiinue kitu kizito. Come back: maumivu yakija, arudi mara moja, asingoje. Halafu akasema bend down. Hilo sikuwa na hakika nalo, nikamwuliza ni vipi. Yule mama mzee akainuka, akainama pale katikati ya wodi mpaka mvi zikamfunika uso, halafu akatikisa kidole, no, no.

Magokoro hakuweza kuona hayo. Nikamshika mkono, nikauweka mgongoni mwangu, nikainama taratibu ili ausikie mgongo unavyoshuka.

"Nisiiname?" akauliza.

"Usiiname, Magokoro. Hata kidogo, mpaka urudi akuone."

Kesho yake ilikuwa siku ya risaga shambani mwetu. Majirani walikuwa wameitwa kuja kupalilia wimbi kwa pamoja, kama tulivyofanya zamu kwa zamu, na mwenye shamba hakai nyumbani watu wakimfanyia kazi. Yeye ndiye huinama wa kwanza na kuinuka wa mwisho. Magokoro alikuwa ameshaniagiza nimwekee kijembe chake tayari, kwamba mistari ataipapasa kwa mkono. Angeinama kutwa nzima na mshono mbichi jichoni, jicho lingekwenda kama lile la kwanza, nasi tungesema ni mapenzi ya Mungu.

Baba ndiye aliyekuwa amewaita hao majirani. Aligeuka kutoka dirishani, uso umemsawijika, akaniambia, "Mwulize tena. Mwulize kama kuna lingine." Hakuwahi kuniomba msamaha, baba zetu hawakuwa na desturi hiyo, lakini maneno hayo yalinitosha.

Siku ya risaga Magokoro alikaa pembeni ya shamba kwenye kigoda, akiwatuma watu na kuwatania, na wimbi likapaliliwa. Bandeji ilipotolewa aliona. Aliona miaka mingi baada ya hapo. Alimwona mama yako alipozaliwa, akasema mtoto ana pua mbaya kama yangu.

Tangu hapo baba akanifanya mtu wa kwenda na watu. Jirani ameitwa hospitali Kisii, nenda naye. Mjane ana shauri la shamba ofisini Ogembo, nenda naye. Nilipoolewa huku sifa ilinitangulia, nikaendelea. Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiingereza changu chote, mwanangu, kwenye mabenchi, kwa kuuliza. Na sasa sitakuficha, nimechoka. Si magoti peke yake. Nimechoka kuona jambo lile lile. Madaktari wa leo ni watoto wetu, wengine kwao naweza kufika kwa miguu. Lakini wakishavaa koti jeupe wanamwambia mama wa kijijini cut down on this, stay off that, yaani punguza hiki, acha kile, na yule mama anaitikia yes, yes, kisha tukifika koridoni ananivuta nguo: "Amesema nini?"

Wapo walioitikia siku ambazo sikuwepo. Rafiki yangu Kerubo aliitikia, akapewa dawa, akaenda nazo nyumbani akazimeza alivyodhani. Tulimzika mvua ikinyesha. Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Kwa hiyo sikiliza, nimalize nikalale. Hayo maneno madogo yajifunze kwa mwili. Ukisoma pick up, okota kitu. Ukisoma put off, ahirisha kuosha vyombo kama kawaida yako, lakini sema kwa Kiingereza kwamba unaahirisha. Neno ulilolifanya kwa mikono yako linakaa. Wala usiyadharau kwa sababu ni madogo. Hospitalini hakuna mgonjwa atakayekuomba insha.

Heshima ya nyumbani usiitupe. Mama mkwe ukimpata, mwitikie, macho chini, nitafurahi. Lakini Kiingereza si mama mkwe wako. Mwalimu wako akipiga simu tena na usielewe, mwambie arudie. Akirudia na bado, mwambie tena. Utaona haya, masikio yatawaka moto, halafu yatapoa. Anayetaka uelewe atarudia, na asiyetaka ni afadhali umjue mapema.

Lililobaki ndilo zito. Miaka si mingi wewe ndiye utakuwa umevaa hiyo nguo nyeupe, umesimama, una haraka, wagonjwa wamejaa, na mzee wa watu ameketi kitandani anakuitikia yes, yes, nesi. Usimwamini. Hadanganyi, anakuheshimu tu. Usiende kitanda kingine. Kama ni wa kwetu, zungumza naye Ekegusii bila kuona haya. Kama si wa kwetu, keti, mshike mkono, umwambie, "Hebu niambie, mimi nimesema nini?" Kisha ungoje mpaka akwambie. Huenda mzee huyo nikawa mimi, na mwenye mdomo wa kuniulizia asiwepo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe ulimi usioogopa kuuliza, akupe masikio, na uchovu wa kazi usikufanye umpite mtu ambaye hajaelewa. Wazee utakaowashika mkono wapone, na wasipopona, wawe angalau wamejua walichoambiwa. Amina. Nisaidie niinuke.