Nyeupe Iko Ndani

Nianze na kosa langu, maana nikiwaachia wengine watalisimulia vibaya zaidi. Nilisugua matairi mawili mapya ya gari la baba yangu mpaka yakawa hayafai, nikitafuta weupe ambao haukuwamo. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na hakuna aliyenishikia panga.

Baba alikuwa dereva wa maharusi. Mtu akioa Mbale, mji wetu wa mashariki mwa Uganda, awe Mwislamu au Mkristo, alikuja kwetu mtaa wa Malukhu kuomba lile gari jeusi refu lenye matairi ya mviringo mweupe ubavuni. Magari mengine ya harusi yalikuwapo, lakini yote yalitembelea matairi meusi matupu, utadhani yanakwenda kununua mkaa. Mama mwenyewe aliletwa nyumbani kwa gari hilo, na alipofariki Baba hakukubali kuliuza, ingawa walikuja watu wenye pesa nzuri na maneno matamu.

Kila siku ya kazi, kabla hajawasha injini, alilizunguka gari akipitisha kiganja juu ya kila tairi, usoni na ubavuni, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Aliita hiyo kuyasalimia. Alitafuta misumari na mipasuko, na zaidi ya vyote alitafuta nyuzi, zile nyuzi ngumu zilizofumwa ndani ya mpira wa tairi. Sisi wanawe tulijua kanuni yake kabla hatujajua kuhesabu: ukikuta nyuzi, gari halibebi mtu.

Miaka mitatu iliyopita presha ilimwangusha. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Yalibaki machache: ndiyo, hapana, chai, nenda. Wakati mwingine sentensi moja ilimjia kutoka kusikojulikana, ikamganda, akairudia siku nzima. Alitembea kwa kuegemea bega la mtu. Gari lilikaa chini ya banda la mabati, na matairi yake ya zamani yakaoza pale pale yaliposimama.

Kisha dada yangu, kitinda mimba wetu, akapata mchumba wa Jinja. Ikapangwa kwamba nikaha ifungwe nyumbani Jumamosi asubuhi, halafu bibi harusi apelekwe kwa mumewe siku hiyo hiyo. Baba alipoelezwa alilia kwa jicho moja, maana lile la pili halikuwa likimtii, kisha akainua mkono wa kushoto akaonyesha banda. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Binti yake angetoka nyumbani kwa gari lililomleta mama yake.

Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, kwa hiyo mzigo ukaniangukia. Mimi naishi Jinja, na kazi yangu ni kupima samaki pale Masese, kwenye mwalo ambako wavuvi hushusha samaki. Niulize sangara huyu ana kilo ngapi, nitakujibu kwa kumtazama tu. Magari siyajui. Hata hivyo fundi aliifufua injini, jambo ambalo lilitushangaza sote, yeye akiwamo. Tatizo likawa matairi. Saizi ile haiuzwi tena madukani. Nilizunguka Jinja hadi wauza vipuri wakanichoka, mwishowe mmoja akakubali kuniagizia manne kutoka Kenya, nikasubiri mwezi mzima. Yalifika Jumanne ya wiki yenyewe ya harusi. Jumatano nikawa nayo Mbale, yamefungwa garini, mapya, yananukia duka.

Baba aliletwa uani akayatazama. Yalikuwa meusi.

"Hapana," alisema.

Nikamweleza kwamba matairi meupe hayatengenezwi tena, na kwamba haya yenyewe nimeyapata kwa dua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha kidole cha kushoto kuelekea tairi, na sentensi ikamjia.

"Iko ndani," alisema. "Nyeupe iko ndani."

Wala hakuwa amechanganyikiwa. Zamani, baadhi ya matairi yalitengenezwa na tabaka la mpira mweupe chini ya ngozi nyeusi ya ubavuni. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa mdogo, ameketi kwenye kigoda na karatasi ya msasa, vumbi jeusi limempanda hadi kwenye viwiko, akisugua, akisugua, mpaka weupe unachungulia kama ndizi inayomenywa. Sasa nani alikuwa ananiambia jambo hili? Mtu aliyeshika matairi kwa miaka arobaini. Na nani alikuwa anaambiwa? Mpima samaki. Sikio halipiti kichwa.

Alhamisi asubuhi nikafungua gurudumu la nyuma upande wa kushoto, nikalilaza juu ya gunia mbele ya kiti chake. Nilisugua kwa msasa hadi adhuhuri. Nilipata vumbi na malengelenge. Baba akasema iko ndani. Nikaenda Namatala kwa fundi mmoja wa kuziba pancha, nikaazima mashine yake ya kusagia, ile ya umeme wanayosagia vyuma. Ua wote ukajaa harufu ya mpira unaoungua. Dada yangu alitoka ndani, mikono yake ina hina mbichi ameiinua juu, akaniuliza kama ninataka aolewe akinuka moshi. Nilimjibu vibaya, na ninajuta.

Nitasema kweli kwa nini sikuacha. Baba alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, na uso wake, ule upande uliobaki hai, ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu aanguke. Alikuwa kazini. Kidole chake kilinielekeza hapa, hapo, zaidi, na mimi nilikuwa mkono wake wa kulia. Ningeweza kusugua tairi lile mpaka Kiyama.

Ghafla nikaona kitu cheupe-cheupe. Nikazima mashine nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikainama.

Zilikuwa nyuzi.

Niligeuza gurudumu kifudifudi haraka ili asione. Mtu mwenye akili angekomea hapo. Lakini mfa maji haishi kutapatapa. Nikajiambia labda hili lilikosewa kiwandani, labda jingine limebarikiwa. Nikafungua la pili. Saa ya alasiri nalo likanionyesha nyuzi zake.

Fundi wa Namatala alipokuja kuchukua mashine yake, alipapasa ubavu wa tairi, kisha akanivuta kando. Hakucheka, na hilo lilinitisha.

"Bwana, mupira ya siku hizi iko nyeusi mpaka mwisho," alisema. "Nani alikuambia iko na nyeupe?"

Nikamwonyesha mzee kwa kichwa. Alimtazama, akashusha sauti.

"Sasa hii umefika kwa nyuzi. Ikipata joto kwa barabara ya Tirinyi, ile ya Jinja, itapasuka. Usibebe mtu."

Nilimuuliza kama linaweza kuzibwa. Haliwezi. Nikampigia yule wa Jinja aliyeniagizia. Mwezi mwingine. Harusi ilikuwa keshokutwa. Nilikaa juu ya gurudumu lililoharibika nikamtazama baba yangu, naye akanitazama akisubiri nyeupe yake. Ningemwambia nini? Kwamba kazi yake ya maisha imebadilika yeye amekaa kitini? Kwamba neno lake la mwisho lililonyooka lilikuwa la uongo?

Basi nikaipaka. Fundi, kwa huruma, alinifundisha kuchanganya rangi nyeupe na gundi ya kuzibia pancha, maana rangi tupu hupasuka tairi likianza kuzunguka. Niliosha mpira kwa petroli. Nilifunga uzi kwenye msumari katikati ya gurudumu, nikafunga chaki kwenye ncha yake, nikachora duara mbili. Nikapaka katikati yake, matairi yote manne ili yafanane, baada ya giza kuingia na Baba kulala. Asubuhi ya Ijumaa rangi ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Mpira mpya hutoa jasho lake, na jasho hilo hupenya. Nikapaka tena. Niliporudi kutoka msikitini ilikuwa chai tena, ya maziwa mengi kidogo. Mkono wa tatu wa rangi ndio uliokubali, na Baba akatolewa nje kuona.

"Iko ndani," alisema, akacheka. Nikamwacha acheke.

Jioni ile nilimweleza dada yangu yote, nyuma ya jiko. Nilitaka anifokee. Alitazama mikono yangu yenye madoa, kisha yake yenye maua ya hina.

"Kaka, mimi nitapanda hata bodaboda," alisema. "Lakini Baba anione nikitoka kwa gari lake."

Tukapanga. Gari la kukodi lingesubiri baada ya kona, mahali ambapo mtu aliye getini haoni. Mimi ningeliendesha la Baba mwendo wa miguu kutoka getini hadi hapo, hatua kama mia mbili, pamoja na bibi harusi na shangazi mmoja. Baba angebaki getini akipunga mkono. Pale konani wangehamia gari la kukodi, waende Jinja salama, na mimi ningekaa kidogo kisha nirudi nikisema nimemwachia usukani dereva mwingine. Uongo wenye magurudumu manne.

Nikaha ilifungwa salama. Baba alivaa kanzu, akaegemea bega langu, akataka kupelekwa kwenye gari. Nilijua anachotaka, nikampeleka. Akaanza kuyasalimia matairi kwa kiganja cha kushoto. La mbele kushoto. La mbele kulia. La nyuma kulia, ambalo lilikuwa moja ya yale mawili. Alipita. Alipofika la nyuma kushoto, nililosaga zaidi, kiganja kilisimama.

Kilikaa pale. Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele, mtu alikuwa akipiga picha kwa simu. Kisha mkono ukaondoka. Nilijiambia mkono wa mgonjwa hauhisi. Lakini huo ulikuwa mkono wa kushoto, ulio hai, na nililijua hilo vizuri.

Halafu, badala ya kubaki getini, akaushika mlango wa mbele na kuufungua. Akaketi. Hakuna aliyekuwa amepanga hilo. Shangazi alinitazama, nikamtazama dada yangu, na katika watu wote wale waliojaa uani hakupatikana wa kumwambia mwenye gari ashuke.

Nikaendesha. Sijawahi kushika usukani kwa hofu namna ile, na tulikuwa tunapitwa na watoto waendao kwa miguu. Majirani walitoka milangoni. Mzee mmoja alivua kofia. Matairi yalipendeza, siwezi kulikana hilo, na kwa hatua mia mbili mji ulikuwa na dereva wake wa maharusi tena. Nilitazama mbele tu. Tukakata kona, na gari la kukodi lilikuwa pale, milango wazi, dereva wake anatafuna njugu.

Nikasimama.

"Baba," nilisema, "gari limechemka."

Injini ilikuwa ya baridi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu niliipima kwa hatua. Dada yangu alishuka, akaja dirishani kwake, akainama, akaweka paji la uso kwenye bega lake.

"Nenda," Baba alimwambia.

Wakahamia gari la pili, likaondoka. Nilisubiri mpaka vumbi lilipotulia. Nikapeleka mkono kwenye breki ya mkono ili nigeuze gari turudi, nikagusa vidole vya mtu.

Ulikuwa mkono wake wa kushoto. Alikuwa ameuvusha juu ya mapaja yake, chini ya mkono wa kanzu, akaishika breki ile kati yetu, na alikuwa ameishika tangu getini. Mimi sikuona kwa sababu niliogopa kutazama upande wake. Alitaka binti yake atoke nyumbani kwa gari lile, na hakutaka afe ndani yake. Hakuwa na maneno ya kuniuliza nilikopanga kusimama. Kwa hiyo alikaa mahali ambapo, nisiposimama, angesimamisha yeye.

"Nyuzi," alisema.

Nikamwambia ndiyo, Baba, ni nyuzi. Nikamwambia ni mimi. Alitikisa kichwa, sijui kukubali au kukataa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, ikabidi nivifungue kimoja kimoja. Nikawasha injini nimrudishe nyumbani, hatua zile zile mia mbili, naye akafungua mlango akatoa mguu mmoja nje.

Nikazima. Nikazunguka nikampa bega. Tuliliacha gari pale konani na matairi yake meupe, tukarudi kwa miguu, na ilituchukua karibu nusu saa.